Mrututu, faluda na floraidi ya chuma: shajara ya majaribio ya elektroliti, Malindi

17 Machi 2024: Chanzo chake

Kazi yangu ni kutengeneza simu na taa za sola hapa Malindi, katika kibanda kisicho mbali na soko la zamani. Betri zilizofura naletewa kila wiki. Mpwa wangu, msichana wa kidato cha tatu, huja kunisaidia siku asizokwenda shule. Jumamosi iliyopita alikuwa ameshika betri moja iliyovimba kama andazi, akaniuliza: "Mjomba, ikiwa kobalti ni ghali na watu wanateseka kuichimba Kongo, mbona betri zisitengenezwe kwa chuma?"

Tumekaa siku mbili tukisoma. Kumbe wapo wanaojaribu, na chuma chenyewe kimeunganishwa na florini. Kwa hesabu ya karatasi, gramu moja ya floraidi ya chuma, ile yenye florini mbili, yaweza kubeba miliampia-saa 571. Yenye florini tatu hufika 712. Kathodi (ncha chanya) ya kobalti iliyomo ndani ya simu, hesabu yake ni 274, na hata hizo hazitumiki zote.

Basi kwa nini hatuzioni sokoni? Kathodi ya kobalti ni kama kabati la sahani: lithiamu inaingia, inatoka, kabati liko pale pale. Floraidi hubomolewa nzima. Lithiamu hunyang'anya florini, chuma kinabaki vumbi jembamba mno, na ukichaji inabidi nyumba ijengwe upya kutoka kwenye kifusi. Katika kubomoa na kujenga huko nyufa zinafunguka, na elektroliti ya majimaji, ile dawa inayopitisha ioni (chembe zenye chaji) kati ya ncha mbili za betri, inapenya kila ufa. Inavunjika-vunjika juu ya vile vipande vya chuma na kuacha ukoko mzito. Tena inayeyusha chuma kidogo kidogo, na ioni zake zinaogelea hadi upande wa anodi, yaani ncha hasi, kuharibu huko. Floraidi ya shaba ina volti nzuri, 3.55, lakini ugonjwa huu kwake ni mkali zaidi, kwa kuwa ukiichaji shaba inayeyuka na kutoroka.

Nilichokishika mimi ni kwamba elektroliti si maji ya kujaza nafasi tu. Kathodi ile ile, ukiibadilishia elektroliti, yaweza kufa haraka au kuishi.

Mpwa wangu alitaka tujaribu wenyewe. Nimemkatalia lithiamu kabisa. Hewa ya Malindi ina unyevu mwaka mzima, na lithiamu haivumilii unyevu. Tena chumvi ya LiPF6 inayotumika katika elektroliti ya betri za simu ikikutana na maji hutoa asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi ikashuka hadi mfupani. Ukisoma hapa, nakuomba: usifungue betri ya simu kwa ajili ya jambo hili.

Tumechagua betri ya zamani aliyoibuni John Frederic Daniell mwaka 1836, ya shaba na zinki. Haifanani na ya floraidi kwa kila kitu. Katika yetu shaba imekwisha kuyeyuka tangu mwanzo ndani ya mrututu (salfeti ya shaba, ile chumvi ya buluu), na kazi yake ni kuganda juu ya kathodi. Ila ugonjwa tunaoutaka upo wazi kabisa: ioni za upande wa kathodi zikivuka, zinki, ambayo ndiyo anodi, inakufa. Tutaacha vyote vilivyo, tubadilishe elektroliti tu.

23 Machi: Kikombe kimoja, na kosa la mabati

Mrututu tumeupata duka la dawa za kilimo, nusu kilo shilingi 400. Shaba ni nyaya za umeme nilizozivua plastiki. Kwa zinki nilikata vipande vya mabati yaliyobaki, na hapo nilikosea. Volti ilianza 1.05, baada ya saa moja na nusu ikawa 0.78 na haikupanda tena. Niliishuku mita, nikashuku waya, nikabadilisha klipu. Mpwa wangu ndiye aliyekichomoa kile kipande tukaona: zinki ya mabati ni ngozi tu, ilikwisha kuliwa, na tulikuwa tunapima chuma.

Zinki ya kweli imo ndani ya mawe ya tochi yaliyokwisha, yale makubwa ya bei rahisi. Kopo lake lote ni zinki. Usichukue ya alkali, kopo lake ni la chuma na ndani mna dawa inayounguza. Nimevaa glavu, nikapasua matatu, nikatoa uchafu mweusi, nikasugua kwa msasa. Kila kipande kina gramu 5 hivi.

Kisha jaribio la kwanza la haki: gramu 100 za mrututu katika nusu lita ya maji, shaba na zinki ndani ya glasi moja bila kizuizi, rezista ya omu 100 katikati, saa 24. Zinki ilianza kuwa nyeusi hatujamaliza hata kufunga waya. Volti ilikuwa ikishuka, wastani wake kama 0.70.

Hesabu tunayoitumia, ili na wewe uifanye: ampia-saa 1 hula gramu 1.22 za zinki. Betri hii ilitoa ampia-saa 0.168, kwa hiyo zinki iliyostahili kuliwa ni gramu 0.20. Tulipoisugua na kuipima kwa mizani ya sonara jirani yetu, ilikuwa imepungua gramu 1.86. Karibu yote imepotea bure. Shaba ilikuwa imehamia kwenye zinki bila kupita kwenye waya.

30 Machi: Chumvi ya Gongoni

Makosa ya wiki hii ni yangu, na ndiyo yaliyonifunza zaidi. Nilifikiri: maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na chumvi tunayo, Gongoni si mbali. Nikatia vijiko vitatu ndani ya mrututu. Mita ikanifurahisha: mkondo uliongezeka pale pale. Maji yakageuka kutoka buluu kuwa kijani, nikaona ni uzuri wa rangi tu.

Siku ya pili nilipoinua waya wa shaba, ulikuwa umekondeana na kuliwa vishimo-vishimo, na juu yake pana utando mweupe. Shaba ndiyo kathodi! Kathodi ilipaswa kunenepa, si kukonda. Mimi mwenyewe huchonga bodi za saketi kwa dawa ya kloraidi na najua inavyokula shaba, lakini sikuunganisha mambo. Kloraidi ya chumvi inaishika shaba na kuiweka majini, hivyo shaba ya mrututu inashirikiana na kloraidi kuila shaba ya waya. Zinki nayo ililiwa haraka kuliko mara ya kwanza.

Hapo ndipo nilipoyaelewa yale ya floraidi. Mkondo mzuri wa siku ya kwanza haukuambii lolote kuhusu siku ya pili. Katika betri za lithiamu, chembe za maji zilizo chache mno zikibaki ndani ya elektroliti zinatosha kuivunja LiPF6 ikatoa asidi, na asidi hiyo inaikwangua kathodi. Mchagua chumvi ya elektroliti huchagua pia adui atakayeishi naye.

Tiba: badala ya chumvi ya mezani tunatumia chumvi ya haluli (salfeti ya magnesiamu) kutoka duka la dawa, gramu 60 kwa nusu lita. Hii ni salfeti kama mrututu, haigombani nao. Na maji ya kisima tumeyaacha, kwa sababu visima vya hapa mtaani vina chumvi hata ukionja. Tunakinga mvua.

6 Aprili: Kijungu cha udongo

Daniell alitenganisha pande mbili kwa chombo cha udongo kisichong'arishwa. Mama mmoja sokoni alituuzia vijungu vidogo kwa shilingi 80. Cha kwanza kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu ya kupendeza, na mkondo ukawa sufuri, maana rangi imeziba vinyweleo vyote. Cha pili hakina rangi, tulikiloweka usiku kucha, kikafanya kazi. Mrututu na shaba nje, haluli na zinki ndani.

Saa 24: wastani volti 0.97. Zinki iliyostahili gramu 0.28, iliyoliwa 0.41. Kutoka gramu 1.86 hadi hapo ni safari ndefu. Kijungu cha tatu tumekiweka akiba.

9 Aprili: Faluda

Shule zimefungwa, mpwa wangu yuko nami kila siku. Siku chache zilizopita, tukifuturu, alikuwa anaangalia bakuli la faluda, akaliinamisha: haikumwagika. "Mjomba, tukiyagandisha maji yenyewe, shaba itapita wapi?"

Tulianza na wanga wa muhogo kwa kuwa ulikuwepo. Uji ulishika, lakini baada ya siku moja ukaanza kutoa maji, na yale maji yakafanya mfereji pembeni mwa glasi. Buluu ilishuka kwenye mfereji kama mtu aliyepewa ngazi. Tukauacha.

Chaina grasi ya kugandishia faluda, yaani agari, ndiyo iliyofaa, ila pakiti ya kwanza niliiharibu. Niliichemsha pamoja na mrututu, ikakataa kuganda. Mrututu una ukali wa asidi, na chaina grasi ikichemka ndani ya asidi nguvu yake inavunjika. Fanya hivi: chemsha chaina grasi katika maji ya haluli matupu hadi iyeyuke yote, epua, mimina. Tabaka la kati lisiwe na mrututu hata chembe. Tunatumia gramu 3 kwa mililita 150. Na sufuria hiyo isirudi jikoni tena, mrututu ni sumu. Nimeipiga alama ya rangi.

Kosa lingine: tulimimina ikiwa ya moto sana, ilipopoa ikajikunja na kuachana na ukuta wa glasi. Uwazi mwembamba kama unywele, lakini buluu iliuona. Sasa tunaikwaruza glasi kwa ndani kwa msasa, tunasubiri mvuke upungue, tunamimina kwa awamu mbili, ya pili kabla ya kwanza kugandamana kabisa.

Mpango wa glasi: chini kabisa shaba iliyoviringwa na mrututu, juu yake tabaka la mgando sentimita 2, juu kabisa zinki na maji ya haluli. Waya wa shaba unapanda ukiwa ndani ya plastiki yake.

Saa 24: wastani volti 0.91. Zinki iliyostahili gramu 0.27, iliyoliwa 0.30. Bora kuliko kijungu! Bei yake ni kwamba volti imeshuka, kwa sababu mgando una ukinzani. Ukitaka kizuizi, utalipa kwa mkondo.

Leo jioni tumetengeneza mbili zenye tabaka la sentimita 3. Moja nimeiunganisha na rezista. Nyingine nimeiacha bila kuunganisha, ipumzike, ili tuwe na betri mpya baada ya Idi. Mwezi ukiandama leo, tutafunga kibanda hadi Jumatatu.

15 Aprili: Iliyopumzika imekufa

Nimefungua kibanda asubuhi na kukuta kinyume cha nilivyotarajia. Ile iliyokuwa ikifanya kazi mfululizo iko hai: volti 0.83, zinki ya kijivu safi, na buluu imesimama upana wa kidole kimoja chini ya zinki. Ile niliyoipumzisha, buluu imevuka tabaka lote, zinki imevaa manyoya meusi ya shaba.

Nilidhani nimekosea kuweka alama. Tulikaa juu ya jambo hili asubuhi nzima, na wateja wawili wakaondoka kwa kuchoka kunisubiri. Maelezo ni haya: mgando unazuia maji yasichanganyike kwa kuyumba, lakini hauzuii ioni kutambaa moja moja. Betri ikifanya kazi, umeme wenyewe unazivuta ioni za shaba kurudi kwenye kathodi, na kathodi inazitumia. Ikikaa bure, hakuna anayezirudisha. Betri za jamii hii zilizotumika zamani kuendesha simu za maandishi (telegrafu) nazo zilitakiwa zifanye kazi kila wakati, la sivyo tabaka zake zinachanganyika. Mafundi wale walilijua hili zaidi ya miaka mia iliyopita.

Kwa hiyo ukiiga mradi huu, usiweke betri ya mgando kabatini. Iunganishe na kitu siku ile ile.

21 Aprili: Kasi ya buluu

Tulitaka kujua buluu inatambaa kwa mwendo gani. Tumejaza mgando kwenye mabomba ya sindano yasiyo na sindano, tukaziba juu, tukayasimamisha kwenye mrututu, tukapima kwa rula saa ile ile ya asubuhi.

Siku ya kwanza sentimita 1.5. Ya pili 2.1. Ya nne 3.0. Mpwa wangu alichora grafu, akaona si mstari mnyoofu. Akajaribu kuzidisha kila namba kwa yenyewe: 2.25, 4.41, 9. Hapo ikawa mnyoofu! Umbali ukizidi mara mbili, muda unazidi mara nne. Nimetengeneza simu miaka mingi, lakini kuona kanuni ikijitokeza hivi, ndani ya bomba la sindano kwenye kibanda cha mabati, kulinifanya nisimame.

Maana yake kwa mtengenezaji: tabaka nene mara mbili linakununulia maisha mara nne, na unalipa ukinzani mara mbili. Tumejenga glasi ndefu yenye tabaka la sentimita 6, bila kuiunganisha na kitu. Kwa hesabu, buluu itagusa zinki baada ya siku 16, yaani tarehe 7 Mei. Mpwa wangu ameiandika tarehe hiyo ukutani kwa chaki.

4 Mei: Gharama, taka, na kurudi kwa floraidi

Mvua imezidi, shule zimeahirishwa kufunguliwa, umeme unakatika. Betri mbili za mgando zenye sentimita 2, zikiunganishwa mfululizo, zinawasha taa ndogo nyekundu ya LED. Nyeupe haziwezi, inahitaji tatu au nne.

Fedha: mrututu 400, haluli 120, chaina grasi pakiti tatu 360, vijungu vitatu 240, rezista na taa 100, msasa 40, chumvi 30. Jumla shilingi 1,290. Kati ya hizo, 230 zimeliwa na makosa: pakiti ya chaina grasi, kijungu cha rangi na chumvi. Mita ninayo, mizani nimeazimwa.

Taka zimenishughulisha kuliko nilivyodhani. Mrututu unaua samaki na viumbe vya mwambani, na mtaro wa hapa nje unamwaga baharini. Usimwage. Tunatia misumari yenye kutu iliyosuguliwa na nyuzi za chuma za kuoshea masufuria ndani ya ndoo ya taka. Chuma kinaingia majini, shaba inaganda juu yake, na buluu inafifia hadi kwisha. Kinachobaki tunakianika katika trei hadi kikauke, tunakifunga kwenye chupa. Tulipoanza kufanya hivi nilikuwa nimeshamwaga glasi moja ya kwanza mtaroni, na jambo hilo linaniuma.

Sasa, floraidi. Baada ya majaribio yetu tulirudi kusoma na maneno yakawa na uso. Mwaka 2019 kundi la Gleb Yushin wa Georgia Tech, Marekani, lilieleza namna walivyoiondoa elektroliti ya majimaji na kuijaza kathodi ya floraidi ya chuma elektroliti ngumu ya polima, plastiki inayopitisha ioni za lithiamu. Kathodi hiyo ilidumu zaidi ya mizunguko 300 ikitoa zaidi ya miliampia-saa 450 kwa gramu. Polima inanyumbuka kathodi inapofura na kunywea, na haipenyi kuyeyusha chuma kama majimaji yapenyavyo. Lakini walifanya hivyo kwa joto la nyuzi 50, kwa kuwa polima ikipoa ioni zinatembea kwa shida. Mpwa wangu aliposoma hapo alisema, "Ni ile 0.91 yetu." Ndiyo. Kizuizi kinalipiwa kwa mkondo, iwe ni faluda au polima.

Ipo njia ya pili, na hii sisi hatuwezi kuiigiza kwa mrututu. Kundi hilo hilo, mwaka 2016, lilibaki na majimaji lakini likabadilisha chumvi: LiFSI badala ya LiPF6, iliyokolea sana, ndani ya kiyeyusho cha jamii ya etha. Elektroliti hiyo inapovunjika kidogo juu ya kathodi huacha ngozi nyembamba inayopitisha lithiamu na kuzuia mengine. Yaani uharibifu mdogo wa mwanzo ndio unaojenga ulinzi. Nimejiuliza kama tungeweza kupata kitu cha namna hiyo kwa shaba. Utando mweupe wa tarehe 30 Machi haukulinda chochote, kwa hiyo si kila ngozi ni ngozi.

Glasi ndefu leo ina siku 13. Hesabu inadai sentimita 5.4, rula inasema 5.2.

8 Mei: Ukutani

Jana jioni, tarehe iliyoandikwa kwa chaki, buluu ilikuwa imebakisha milimita mbili au tatu. Leo saa moja asubuhi imefika, na kona moja ya zinki imeanza kuwa nyeusi. Tumechelewa siku moja tu.

Shule zinafunguliwa Jumatatu tarehe 13. Mpwa wangu anakwenda na mabomba matatu ya sindano, grafu, na pakiti moja ya chaina grasi ambayo haijafunguliwa. Mimi nimebaki na kijungu cha tatu. Nataka kukijaza mgando ndani ya vinyweleo vyake, kikae sufuriani katika chaina grasi ya moto kabla ya kupoa, nione kama udongo na faluda pamoja vitashinda sentimita 6. Vipimo nitaviweka hapa.